Jinsi ya kuomba kibali cha maadili kwa utafiti wa uuguzi wa afya ya akili nchini Tanzania

Muuguzi anayetaka kufanya utafiti miongoni mwa watu wenye ugonjwa wa akili, awe mwanafunzi wa shahada ya uzamili au mtumishi wa hospitali, hana budi kupata kibali cha maadili, yaani idhini ya kamati inayokagua kama utafiti unalinda haki na usalama wa washiriki, kabla ya kumhoji mshiriki wa kwanza au kufungua jalada lolote kwa ajili ya kukusanya takwimu. Kamati haihalalishi kazi iliyokwisha kufanyika.

Hatua ya kwanza ni kujua maombi yanapelekwa wapi. Mwanafunzi huanzia kwenye kamati ya maadili ya chuo chake, akiwa na andiko, yaani mpango wa utafiti wake, lililoidhinishwa na msimamizi. Utafiti unaowahusisha watafiti au wafadhili wa kigeni hupelekwa kwenye kamati ya taifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR).

Hatua ya pili ni kukusanya viambatisho: andiko lenyewe, dodoso au mwongozo wa mahojiano, wasifu wa watafiti, bajeti, ratiba, barua ya utambulisho, na fomu ya ridhaa kwa Kiswahili na Kiingereza.

Fomu ya ridhaa ndiyo inayostahili muda wako mwingi zaidi. Ieleze lengo la utafiti, muda utakaotumika, madhara yanayoweza kutokea, haki ya mshiriki kujitoa bila kupunguziwa huduma, na mtu wa kumpigia simu akiwa na malalamiko. Usiweke jina la ugonjwa kwenye kichwa cha fomu kabla ya kujua mgonjwa ameelezwa nini, kwa sababu karatasi hiyo inaweza kusomwa na ndugu ambaye hajaambiwa chochote.

Eleza pia kwenye andiko jinsi utakavyopima uwezo wa mgonjwa wa kuelewa na kuamua, ukikumbuka kwamba uwezo huo hubadilika kadiri hali yake inavyobadilika, hivyo anayeshindwa kuamua leo anaweza kuamua vizuri baada ya wiki kadhaa za matibabu. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu mtu kulazwa bila hiari yake kwa utaratibu maalumu, lakini kulazwa huko hakumlazimishi kushiriki katika utafiti. Suala hili ni zito zaidi katika kituo cha Isanga kilicho chini ya Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ambako wagonjwa wako pia chini ya amri za mahakama. Mimi naamini kwamba muuguzi anayemhudumia mgonjwa wodini hapaswi kuwa ndiye anayemwomba ridhaa, kwa kuwa ni vigumu kumkatalia mtu anayekupa dawa kila asubuhi. Mtafute mwenzako asiyefanya kazi katika wodi hiyo, kisha uandike wazi ni nani atakayemhudumia mshiriki akizidiwa na huzuni au akitaja mawazo ya kujiua wakati wa mahojiano.

Baada ya kuwasilisha maombi, kamati inaweza kuyarudisha na maoni. Jibu kila hoja kwa barua, ukionyesha ukurasa uliorekebishwa.

Kibali cha maadili hakifungui mlango wa wodi peke yake. Omba ruhusa ya uongozi wa hospitali, na kwa vituo vya halmashauri pitia ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, kisha Mkurugenzi na Mganga Mkuu wa Wilaya.

Cheti cha NIMR hudumu mwaka mmoja, hivyo omba kuongezewa muda mapema. Kina masharti pia: taarifa ya maendeleo kila baada ya miezi sita, na ruhusa ya NIMR kabla ya kuchapisha matokeo. Ukibadilisha swali moja tu la dodoso, wasilisha badiliko hilo kwa kamati na usilitumie mpaka likubaliwe.