Fifti-fifti ya Uwanjani Marekani: Kabla Hujanunua Tiketi, na Kabla Hamjaiga

Miaka michache iliyopita mzee mmoja wa jumuiya yetu hapa Texas alifariki ghafla, na kama ilivyo desturi tukaanza kuchanga ili mwili urudi nyumbani. Kundi la WhatsApp likajaa ahadi, lakini zilizotimia hazikufika hata nusu ya gharama. Jumamosi iliyokuwa inakuja tulikuwa na bonanza la mpira, na kijana mmoja akatoa wazo: tuchezeshe bahati nasibu kama ile ya kwenye mechi za kikapu. Tiketi dola 5, nusu ya makusanyo achukue mshindi, nusu iingie kwenye msiba. Wote tukaunga mkono, tiketi zikachapishwa. Siku mbili kabla ya bonanza, dada mmoja anayefanya kazi katika ofisi ya wakili akampigia simu mweka hazina wetu: "Kaka, zichaneni hizo tiketi. Hiyo kwa sheria za hapa ni kamari."

Tulikasirika. Kama timu tajiri inaruhusiwa, vipi wafiwa wakatazwe? Nami nilikuwa miongoni mwa waliouliza hivyo. Baadaye nilikaa nikasoma sheria yenyewe, nikaelewa kwamba dada yule alituokoa. Mimi si wakili, na aliye na jambo zito amwone wakili. Lakini haya ninayoyaandika ni mambo ambayo kila kiongozi wa jumuiya zetu huku angepaswa kuyajua kabla ya kuchapisha tiketi hata moja.

Mchezo wenyewe

Ukienda kwenye mechi ya kulipwa Marekani, iwe kikapu, besiboli, hoki au soka, utawakuta watu wenye fulana za rangi moja na mashine ndogo mkononi. Unalipa, mashine inatoa karatasi yenye namba zako, na jumla ya makusanyo inaonekana ikipanda kwenye skrini kubwa. Kabla mechi haijaisha namba moja inachaguliwa. Mshindi anapata nusu, na nusu nyingine inakwenda kwa mfuko wa hisani, mara nyingi ule ulioanzishwa na timu yenyewe. Ndiyo maana watu huiita fifti-fifti.

Ukiutazama hivyo unaonekana mchezo mwepesi wa kuchangia watoto na hospitali. Kisheria si mwepesi hata kidogo. Kulipa fedha ili upate nafasi ya kushinda fedha kwa bahati ni kamari, na serikali kuu ya Marekani imeziachia serikali za majimbo kuamua nani aruhusiwe. Kwa hiyo ulichokiona uwanjani Dallas hakikupi haki yoyote Los Angeles, wala Salt Lake City.

Texas: mlango mwembamba uliofunguliwa kwa kura

Katiba ya Texas, ibara ya tatu kifungu cha 47, inaliagiza bunge la jimbo lipige marufuku bahati nasibu. Kila ruhusa unayoiona leo ilibidi ipitie kwenye marekebisho ya katiba, yaani wananchi wapige kura. Bingo ya hisani ilipita 1980. Bahati nasibu za mashirika ya hisani zilipita 1989. Bahati nasibu ya jimbo lenyewe, ile inayouzwa kwenye vituo vya mafuta, ilipita 1991.

Fifti-fifti ya uwanjani ilikuja nyuma sana, Novemba 2015, kwa pendekezo namba 4. Hata hapo ruhusa ilikuwa kwa mifuko ya hisani ya timu za kulipwa iliyokuwepo tayari tarehe 1 Januari 2016, na kwa mechi za nyumbani tu. Mwaka 2017 ilibidi warudi kwa wapiga kura ili ruhusa ipanuliwe kwa mifuko na timu nyingine. Mwaka 2021 wakarudi tena, safari hii kwa ajili ya mashindano ya rodeo, yale ya kupanda farasi na fahali wakali.

Nimeitaja miaka hiyo kwa sababu hapo ndipo jibu la hasira yetu lilipo. Kama timu zenye mawakili na mabilioni zililazimika kusubiri kura ya jimbo zima, na hata wacheza rodeo wakasubiri ya kwao, basi chama chetu cha watu sitini hakiwezi kuingia kwa kusema "nasi ni hisani." Sheria haikuangalia nia. Ilitaja nani, wapi na lini.

California na kwingineko

California ina hesabu yake. Tangu 2001 mashirika yasiyo ya faida yanaruhusiwa kuchezesha bahati nasibu, lakini angalau asilimia 90 ya mapato ghafi lazima iende kwenye hisani. Piga hesabu: ukimpa mshindi nusu, umeshavunja sheria. Ndiyo sababu viwanja vya California vilikaa miaka bila fifti-fifti mpaka sheria maalumu kwa ajili ya mifuko ya timu kubwa ilipotiwa saini 2015. Inadai usajili katika Idara ya Sheria ya jimbo, na ina jambo ninalolipenda: tiketi zinaweza kuuzwa kwa mashine, lakini namba ya ushindi huchomolewa kwa mkono.

Pennsylvania iliruhusu mwaka 2013 kwa kurekebisha sheria yake ya michezo midogo ya bahati. Utah, kwa upande mwingine, haina nafasi kabisa, na Hawaii na Alabama hali ni hiyo hiyo. Ukihama jimbo, usihame na mazoea.

Kwa ndugu zetu walio Kanada: huko Sheria ya Jinai inaziachia serikali za majimbo zitoe leseni za bahati nasibu za hisani. Mamlaka inayotoa leseni Ontario ni AGCO, na Alberta ni AGLC. Timu nyingi huko huuza hadi mtandaoni, ila lazima uwe ndani ya jimbo husika unaponunua, na zawadi haikatwi kodi ya mapato. Usiichanganye na hali ya Marekani.

Chama chenu kinaweza kufanya nini, na nini hakiwezi

Hapa Texas shirika la hisani lisilo mfuko wa timu linatumia sheria ile ya 1989, na masharti yake wengi wetu hatuyajui. Zawadi isiwe fedha taslimu. Televisheni, mbuzi, tiketi ya ndege, sawa. Bahasha ya noti, hapana. Shirika liwe halina faida, limesamehewa kodi ya shirikisho, na limekuwepo kwa angalau miaka mitatu. Kanisa au msikiti unaotaka kutumia njia ya taasisi za dini uwe umekuwepo Texas miaka 10. Hairuhusiwi kumlipa mtu kwa kuuza tiketi au kuandaa droo. Idadi ya droo kwa mwaka ina kikomo, kwa hiyo kuchezesha kila wikendi hakupo. Tiketi iandikwe jina la shirika, anwani, bei, tarehe ya droo na maelezo ya zawadi.

Kundi la WhatsApp si shirika lisilo la faida. Kamati ya msiba si shirika lisilo la faida. Hata chama chenye katiba nzuri, mwenyekiti na mhuri, kama hakijasajiliwa na kupata msamaha wa kodi, hakimo.

Na jambo hili linawagusa zaidi wale ambao bado hawajapata uraia. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inasema mtu aliyehukumiwa kwa makosa mawili au zaidi ya kamari katika kipindi kinachochunguzwa, au anayeishi hasa kwa kipato cha kamari haramu, hahesabiwi kuwa na mwenendo mwema, na bila mwenendo mwema hupati uraia. Fomu ya kuomba uraia imekuwa ikiuliza waziwazi kama umewahi kucheza kamari haramu au kupata kipato kutokana nayo. Kijana aliyetoa wazo letu alikuwa na green card ya mwaka wa tatu. Jina lake ndilo lililokuwa limechapishwa kwenye tiketi kama msimamizi.

Ukinunua uwanjani

Nunua kwa muuzaji mwenye kitambulisho cha uwanja au cha mfuko. Uwe na miaka 18. Karatasi usiitupe hata kama umeondoka mapema: kuna muda wa mwisho wa kudai, nao umeandikwa kwenye masharti. Ukishinda, nenda mwenyewe kwenye kituo cha huduma kwa mashabiki ukiwa na kitambulisho, na usimkabidhi mtu tiketi "akakuangalizie."

Tiketi ya bahati nasibu si sadaka mbele ya IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani. Hata kama nusu imekwenda kwa watoto wagonjwa, huwezi kuikata kwenye kodi yako. Wapo wengi kati yetu, Waislamu hasa na baadhi ya Wakristo, ambao kamari kwao ni haramu hata ikivikwa joho la hisani. Kwao njia ni nyepesi: uchangie mfuko moja kwa moja. Mchango huo, kwa mfuko uliosajiliwa, unaweza kukatwa kwenye kodi kwa masharti ya IRS.

Ukitaka kujua mfuko ni wa kweli, IRS wana ukurasa wa bure wa kutafuta mashirika yaliyosamehewa kodi. Tafuta pia fomu 990 ya mfuko huo, yaani taarifa yake ya kila mwaka kwa IRS, ambayo ni ya wazi kwa umma. Mfuko unaoingiza zaidi ya dola 15,000 kwa mwaka kutokana na michezo ya bahati hujaza sehemu inayoitwa Schedule G, na hapo utaona kiasi kilichoingia, zawadi zilizotolewa na gharama.

Ukishinda: kodi

Ushindi ni kipato, uwe mdogo au mkubwa. Kwa miaka mingi mchezeshaji alilazimika kukuandikia fomu W-2G ukishinda dola 600 au zaidi na iwe angalau mara 300 ya ulicholipa. Kwa zawadi za kuanzia 2026 kiwango cha dola kimepandishwa. Kutopewa fomu hakukuondolei wajibu wa kutangaza kipato hicho.

Zawadi ikizidi dola 5,000 baada ya kutoa bei ya tiketi, asilimia 24 inakatwa pale pale. Ukishinda dola 20,000, karibu 4,800 hutaziona mkononi. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, lakini majimbo mengi yanayo, na hapo unaongeza.

Wanafunzi nawaomba wasome hapa mara mbili. Aliye na visa ya F-1 kwa kawaida huhesabiwa si mkazi wa kodi kwa miaka mitano ya kwanza ya kalenda. Kwake makato ni asilimia 30, taarifa inakuja kwa fomu 1042-S, na marejesho anajaza kwa fomu 1040-NR. Baadhi ya nchi zina mikataba ya kodi na Marekani inayopunguza mzigo huo. Kenya haina, Tanzania haina, Uganda haina. Rwanda, Burundi na Kongo pia hazina. Kwa hiyo katika ile 20,000, mwanafunzi wa kwetu ataondoka na 14,000. Na usiwaambie waliokupa zawadi kwamba wewe ni mkazi ili ukatwe kidogo; hilo ni tamko la uongo kwenye karatasi ya serikali, na litakufuata.

Simu ya "umeshinda"

Sisi tumezoea neno bahati nasibu kwa sababu ya ile ya green card, na matapeli wanalijua hilo. Mtu akikupigia au kukutumia ujumbe kwamba umeshinda fifti-fifti ya timu fulani, jiulize kwanza kama ulinunua tiketi. Kisha angalia kama anataka utume chochote, iwe "kodi," "ada ya usindikaji" au kadi za zawadi. Kodi ya kweli hukatwa kwenye zawadi yenyewe au unaimaliza na IRS. Na hapa Texas tiketi za timu huuzwa uwanjani siku ya mechi, kwa hiyo kiungo cha fifti-fifti kinachozunguka kwenye kundi la WhatsApp kifutwe.

Tulichofanya sisi

Jumamosi ile hatukuchezesha chochote. Kina mama walipika pilau na sambusa, vijana wakachoma nyama, na mchana tukafanya mnada: jezi, kanga za Mombasa, kreti ya soda iliyouzwa mara nne kwa sababu kila aliyeinunua aliirudisha mezani. Anayenunua kwenye mnada anajua anachokipata, kwa hiyo si kamari. Halafu mzee mmoja akasimama akaitisha harambee ya papo kwa papo, majina yakisomwa kwa sauti, kama tulivyolelewa. Mwili uliondoka Alhamisi iliyofuata.

Baada ya hapo tulisajili chama. Kwa shirika dogo linalotarajia mapato yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka na mali isiyozidi 250,000, kuna fomu fupi ya kuomba msamaha wa kodi, 1023-EZ, na ada yake ni dola 275. Ile ndefu, fomu 1023, ni dola 600. Barua ya msamaha ilipofika, kitu cha kwanza alichofanya katibu wetu ni kuomba ruzuku. Mifuko mingi ya timu hugawa fedha kwa mashirika ya mtaani, zikiwemo zile za fifti-fifti, na tovuti zao zinaeleza nani aombe na lini. Ombi letu ni la vitabu na walimu wa darasa la watoto la Jumamosi. Miaka mitatu ya Texas bado haijatimia, kwa hiyo bahati nasibu ya zawadi hatujachezesha hadi leo.