Robo saa ya kujichunguza mbele za Mungu

"Nimekosa kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo." Ni maneno mazuri ya ibada, lakini Mkristo anaweza kuyasema miaka ishirini bila kujua ni neno gani alilosema Jumanne, na lilimwumiza nani. Hapo ndipo wengi hukwama. Dhambi ikibaki kwenye jumla, toba nayo hubaki kwenye jumla, na Jumatano huwa kama Jumanne.

Njia inayoelezwa hapa imejengwa juu ya hatua tano za Inyasi wa Loyola, padri Mhispania aliyeanzisha shirika la Wajesuiti, ambaye mwongozo wake wa mazoezi ya kiroho uliidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548. Inafaa Mkatoliki anayejiandaa kwa kitubio, yaani sakramenti ya kuungama kwa padri, na inafaa vilevile Mlutheri, Mwanglikana au Mpentekoste anayetaka kufika kwenye Meza ya Bwana akiwa amejihoji kama Paulo anavyoagiza katika 1 Wakorintho 11:28.

Maandalizi

Tafuta daftari dogo, kalamu na kiti. Kiti kina maana yake: anayejichunguza akiwa amelala kitandani husinzia kabla mapitio yake ya siku hayajafika saa sita mchana. Fanya baada ya chakula cha jioni, kabla usingizi haujakushika. Simu iache chumba kingine, maana ujumbe mmoja ukiingia unatosha kuvuruga yote.

Daftari ni la siri. Tumia vifupisho unavyovijua mwenyewe, usiandike majina kamili ya watu, na kila mwisho wa mwezi chana kurasa uzichome. Anayeogopa kwamba daftari litasomwa huanza kuandika kwa ajili ya msomaji, na ukweli unaishia hapo.

Hatua tano, dakika 15

Dakika tatu za kwanza ni za shukrani. Taja mambo matatu ya leo, kwa udogo wake: mvua iliyongoja nguo zikauka, mgonjwa aliyekula, mtu aliyekulipa deni lake. Usiruke hatua hii kwa haraka ya kufika kwenye dhambi. Anayeanza na makosa humkaribia Mungu kama mshtakiwa, na mshtakiwa kazi yake ni kujitetea. Anayeanza na shukrani ameshakumbuka kwamba anaongea na Baba.

Dakika moja ya kuomba nuru. Zaburi 139:23 inatosha: "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu." Mchunguzi ni Mungu, wewe unaketi naye. Yeremia 17:9 inasema moyo ni mdanganyifu kuliko vitu vyote, kwa hiyo moyo ukiachiwa ujikague wenyewe utaleta ripoti nzuri, au utaleta ripoti ya kutisha isiyo na ukweli. Zote mbili ni udanganyifu.

Dakika sita za kupitia siku, tangu kuamka hadi sasa. Hii ndiyo hatua nzito na tutairudia.

Dakika mbili za kuomba msamaha, kwa kutaja tukio lenyewe. Kisha pokea ahadi ya 1 Yohana 1:9 na usiombe tena juu ya tukio hilohilo usiku huo.

Dakika tatu za mwisho ni za kesho. Andika tendo moja, lenye saa na mtu: "Saa nne, kabla ya kikao, nitamwomba radhi." "Nitakuwa mpole zaidi" haifai kuandikwa, kwa sababu kesho jioni hutaweza kusema kama ulitimiza au la. Funga kwa Baba Yetu.

Jinsi ya kupitia siku

Andika tukio, usiandike tabia. "Nina hasira" ni maelezo ya tabia. Mtu anaweza hata kujivunia kwamba ameikiri. Linganisha na hili: "Saa moja jioni nilimfokea mtoto mbele ya wageni, kikombe kilipovunjika. Nilikuwa nimetoka kupigiwa simu na mtu anayenidai, nikaona aibu. Aliyeumia ni mtoto." Hapo kuna mambo matatu: kilichotokea, nilichokuwa nakiogopa au kukitaka, na aliyeumia. Mara nyingi jambo la pili ndilo mzizi. Mtu aliyedhani shida yake ni hasira hugundua baada ya wiki mbili kwamba shida ni deni analolificha nyumbani, na toba ya kweli inaanza kwa kumweleza mwenzi wake hali ya fedha.

Ikiwa siku inaonekana tupu, pita mahali ambapo dhambi hujificha kwa urahisi. Fedha: chenji iliyozidi ukanyamaza, risiti iliyoongezwa, mshahara wa msaidizi wa kazi uliocheleweshwa wakati hela ipo. Simu: meseji uliyoifuta ili mtu asiione, umbea uliousambaza ukiupamba kuwa "ombi la maombi". Ulimi: sifa uliyomnyima mtu anayestahili. Kazi: saa ulizolipwa hukuzifanya. Nyumbani: nani aliongea nawe usimsikilize? Angalia na wema ulioweza kuutenda ukaupita, kwa sababu watu waangalifu huacha kutenda mabaya wakasahau kwamba kutotenda mema nako ni kosa.

Mstari ukianza na "ila yeye alinianza", ukate. Huenda ni kweli alikuanza, lakini jioni hii unapitia siku yako. Ya kwake atayapitia mwenyewe.

Kosa moja kwa wakati

Orodha ya makosa kumi na mawili humchosha mtu akaacha kabla ya mwezi kwisha. Inyasi alishauri kuchagua kosa moja mahususi na kulifuatia. Asubuhi unaamka ukiazimia kujilinda nalo. Kwenye ukurasa wa wiki chora mistari miwili kwa kila siku, mmoja wa tangu asubuhi hadi mchana, mwingine wa mchana hadi usiku, na kila ulipoanguka tia nukta. Yeye aliagiza mapitio haya yafanyike mara mbili, baada ya chakula cha mchana na baada ya cha jioni. Mchana dakika mbili tatu zinatosha. Alishauri pia kwamba papo hapo unapoanguka uweke mkono kifuani kwa majuto, jambo linalowezekana hata mbele za watu bila yeyote kutambua.

Linganisha mstari wa mchana na wa usiku, kisha siku na siku, wiki na wiki. Nukta zikijaa usiku kila Ijumaa, jiulize Ijumaa jioni unakuwa wapi na nani. Mara nyingi dawa ni kubadilisha njia ya kurudi nyumbani au kulala mapema, pamoja na kuomba. Wiki ya kwanza nukta huweza kuongezeka, kwa kuwa sasa unaona. Usikate tamaa kwa hilo. Na nukta zikipungua mshukuru Mungu, bila kumhesabia jirani zake. Farisayo wa Luka 18 naye alikuwa na hesabu nzuri.

Kuungama kwa mtu

Yapo mambo ambayo daftari haliyamalizi. Yakobo 5:16 inaagiza kuungamiana. Mwaka 1738 John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, aliandikia vikundi vidogo vya Wamethodisti kanuni za kukutana walau mara moja kwa wiki, na kila mmoja aliulizwa dhambi alizozijua tangu mkutano uliopita, kisha pia mambo aliyoyafanya au kuyasema akiwa na shaka kama ni dhambi. Swali hilo la pili tunalipendekeza sana, kwa sababu kwenye shaka ndiko tunakojificha.

Huku kwetu, uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika kuanzia miaka ya 1930, uliifanya lugha ya "kutembea nuruni" kuwa ya kawaida kwa ndugu. Watu waliungama wazi na kurudisha mali walizoiba. Urithi huo ni mkubwa, ila unahitaji mipaka. Kanuni salama ni hii: upana wa kuungama ulingane na upana wa kosa. Ulilomkosea Mungu pekee, mwambie Mungu, na kwa Mkatoliki kitubio kipo. Ulilomkosea mtu, mwendee huyo. Ulilolikosea kanisa zima, lisemwe kanisani. Usitaje dhambi ya mtu mwingine ndani ya ungamo lako, na mambo ya zinaa yapeleke kwa padri, mchungaji au mshauri mmoja anayejua kutunza siri.

Ukienda kwa uliyemkosea, taja tendo, usitoe sababu, rudisha unachoweza kurudisha, kisha nyamaza. Zakayo alitaja kiwango: mara nne. Usimlazimishe akujibu "nimekusamehe" papo hapo, maana huo ni mzigo mwingine unamtwisha.

Inapoharibika

Kuna mtu anayerudia kuungama kosa lilelile usiku baada ya usiku, au anayeona dhambi katika kila wazo. Huyo hahitaji bidii zaidi. Apunguze hadi dakika tano, achague mshauri mmoja wa kiroho na kulitii neno lake bila kuzunguka kwa wengine. Huzuni ya jinsi ya Mungu, kwa 2 Wakorintho 7:10, huleta toba na wokovu. Ile inayomnyima mtu usingizi na chakula kwa wiki kadhaa ipelekwe pia hospitali, kwa kuwa inaweza kuwa ugonjwa.

La pili ni zito zaidi. Anayepigwa nyumbani au aliyenajisiwa asiketi na daftari kutafuta alikosea wapi. Dhambi ni ya aliyetenda. Kiongozi wa kanisa anayemrudisha kwenye kujichunguza anamwongezea jeraha. Kwanza usalama, na watu wa kumsaidia.

Na kama umeomba radhi ukakataliwa, au uliyemkosea amefariki, fanya sehemu yako ilipofikia. Warumi 12:18 inasema "kwa upande wenu". Deni ulilodaiwa na marehemu lilipe kwa warithi wake. Lisilo na mrithi lipeleke kwa maskini, liandike kwamba limelipwa, na kesho jioni uanze ukurasa mpya kwa shukrani tatu.