Namba wiano na namba zisizo wiano: namna ya kuzitofautisha bila kudanganywa na kikokotoo

Kosa kubwa katika mada hii ni kuamua kwa macho. Mtu anaona desimali ndefu, anaandika "si wiano", anakosa alama. Urefu wa desimali hauamui kitu. Swali ni moja: je, namba hiyo yaweza kuandikwa kama sehemu a/b, a na b zikiwa namba kamili na b isiwe 0? Ikiwezekana, ni namba wiano. Isipowezekana kwa a na b zozote zile, si wiano. Kwa hiyo 5 ni wiano (5/1), −3 ni wiano, na 0 nayo ni wiano (0/1).

Hatua ya 1: Desimali inakoma? Basi ni wiano. 0.375 = 375/1000 = 3/8.

Hatua ya 2: Desimali inajirudia bila kukoma? Hiyo pia ni wiano, na sehemu yake inapatikana hivi. Chukua x = 0.4161616… Kinachojirudia ni 16.

10x = 4.161616…
1000x = 416.161616…

Toa ya juu kutoka ya chini: 990x = 412, kwa hiyo x = 412/990 = 206/495. Wengi hukosea kwa kutoa x yenyewe badala ya 10x. Mikia ya desimali haifanani, hivyo haifutiki. Sogeza nukta kwanza mpaka mkia uanze na kundi linalojirudia.

Kwa nini kila sehemu lazima ikome au ijirudie? Gawanya 1 kwa 7 kwa mkono. Masalio yanayopatikana ni 3, 2, 6, 4, 5, kisha 1. Hakuna salio jingine linalowezekana, na 1 ndilo tulianza nalo, hivyo tarakimu 142857 zinaanza upya. Kwa asili (namba ya chini ya sehemu) yoyote b, masalio yasiyo 0 hayazidi b − 1, kwa hiyo mzunguko haukwepeki.

Hapa ndipo kikokotoo kinapodanganya. 1/17 kwenye kioo chenye nafasi kumi za desimali ni 0.0588235294, na huoni marudio yoyote, kwa sababu mzunguko wake una tarakimu 16. Wa 1/97 una tarakimu 96! Kwa upande mwingine, 0.1010010001… (sifuri zinaongezeka moja kila mara) ina mpangilio unaotabirika, lakini hakuna kundi moja linalojirudia. Hiyo si wiano.

Hatua ya 3: Ni kipeuo cha pili? Rahisisha kilicho ndani kwanza. Sehemu ikishafika umbo lake dogo kabisa, kiasi (namba ya juu) na asili vyote viwili lazima viwe namba mraba. Kimoja kisipokuwa, jibu si wiano. √(12/27) inatisha kwa sababu 12 na 27 si namba mraba, lakini 12/27 = 4/9, na kipeuo chake ni 2/3. Angalia pia √0.04 = 0.2, ilhali √0.4 = √(2/5), ambayo si wiano.

Hatua ya 4: Uthibitisho kwamba √2 si wiano. Tuseme √2 = a/b, sehemu ikiwa imerahisishwa kabisa. Basi a² = 2b², kwa hiyo a² ni shufwa, na a pia ni shufwa (witiri mara witiri ni witiri). Andika a = 2k. Tunapata 4k² = 2b², yaani b² = 2k², na b nayo ni shufwa. Zote mbili zinagawanyika kwa 2, wakati tulisema sehemu imerahisishwa. Dhana ya mwanzo imevunjika. Usiache maneno "imerahisishwa kabisa", maana bila hayo hakuna mgongano wowote.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, tunatumia 22/7 kama pai, na 22/7 ni sehemu. Pai inakuwaje si wiano?*
22/7 ni makadirio tu. Ni 3.142857…, na pai ni 3.141592…, zinaachana kwenye nafasi ya tatu ya desimali. 355/113 inaikaribia zaidi, inalingana nayo mpaka nafasi ya sita, lakini nayo si pai. Johann Lambert alithibitisha mwaka 1761 kuwa hakuna sehemu iliyo sawa na pai.

*Mbona uthibitisho huo huo haufanyi √4 isiwe wiano?*
Swali zuri sana. a² = 4b² inatupa a = 2k, halafu 4k² = 4b², yaani b = k. Hakuna kinachoilazimisha b kuwa shufwa. Weka k = 1 upate 2/1.

*Nikijumlisha mbili zisizo wiano, jibu si wiano?*
Si lazima. √2 + (−√2) = 0, na hata kwa kuzidisha, √2 × √8 = 4. Lakini wiano ukijumlisha na isiyo wiano, jibu daima si wiano: kama 3 + √2 ingekuwa a/b, √2 ingekuwa a/b − 3, ambayo ni sehemu.

*Na π (pai) + e (ile namba 2.71828…)?*
Kila moja peke yake si wiano. Kuhusu jumla yao, hadi leo hakuna mwanahisabati aliyethibitisha upande wowote.