Namna ya kuratibu hesabu ya ndege wa majani katika nyanda za juu za Katanga

Juu ya Kundelungu, Biano au Kibara jicho linafika mbali sana, na ndiyo maana wengi hudhani ndege wa huko ni rahisi kuhesabu. Sivyo. Wengi wao wako chini, ndani ya majani, na hawaruki mpaka mtu akaribie kuwakanyaga. Halafu moto unapita, na pale palipokuwa na majani ya kiunoni mwezi wa tano panakuwa jivu tupu mwezi wa nane. Anayelinganisha hesabu za miaka miwili bila kujua urefu wa majani na tarehe ya moto analinganisha majani, halinganishi ndege. Kwa hiyo mratibu anayekaa Lubumbashi na kutuma timu porini ana jukumu moja lililo juu ya mengine yote: watakaohesabu miaka mitano ijayo wahesabu kama walivyohesabu wa mwaka huu.

Swali kwanza, ndege baadaye

Andika swali moja kwenye karatasi kabla ya kununua darubini. Kwa mfano: je, ndege wa majani mafupi wanapungua mahali ng'ombe wanapochungwa kuliko ndani ya hifadhi? Swali hilo ndilo litakaloamua mistari ikatwe wapi. Ukiruka hatua hii utarudi na majina mengi ya ndege na jibu la kitu chochote hutapata.

Timu iandike kila ndege inayemtambua, lakini chagua aina 8 hadi 12 za kufuatiliwa kwa makini. Karani tamba na korongo taji wamo kwenye daraja la walio hatarini kutoweka katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi. Korongo mkubwa Bugeranus carunculatus na mbayuwayu buluu Hirundo atrocaerulea wako daraja moja chini yao. Ongeza tandawala Neotis denhami, Macronyx ameliae na Macronyx fuelleborni, na Cisticola mmoja au wawili wa majani mafupi, kwa sababu hawa wadogo huonyesha mabadiliko ya majani mapema kuliko wakubwa.

Njia moja haiwatoshi wote. Wadogo wanahesabiwa kwa mistari ya kutembea. Makorongo, tandawala na karani tamba wanahitaji eneo kubwa, hivyo watazamwe kutoka sehemu zilizoinuka, dakika 30 kila sehemu. Wanaoita usiku na alfajiri bila kuonekana, kama Sarothrura wa kwenye dembo (bonde la majani lenye maji), waachie vinasa sauti.

Mistari

Gawa eneo katika matabaka: majani ya uwandani, dembo, na sehemu zinazochungwa au kulimwa. Kila tabaka lipate mistari isiyopungua 10, ikiwezekana 12 au zaidi, kila mmoja wa kilomita 1. Chora gridi juu ya ramani, chagua mahali pa kuanzia kwa bahati nasibu, kisha weka mistari kwa nafasi sawa, walau mita 500 kati ya mmoja na mwingine. Usikubali mistari iwekwe kando ya barabara kwa sababu pikipiki inafika. Pembeni ya barabara kuna mashamba, mbwa na moto wa mara kwa mara, na hesabu yake itaeleza habari za barabara tu.

Piga hesabu ya siku mapema. Matabaka 3 yenye mistari 12 kila moja ni mistari 36. Timu 2, kila timu ikimaliza mistari 2 kwa asubuhi, zinahitaji asubuhi 9. Ongeza siku 4 za mvua na gari kukwama. Duru ya kwanza iwe kati ya nusu ya pili ya Novemba na nusu ya kwanza ya Desemba: ndege wanaimba, majani mapya bado mafupi, na njia nyingi bado zinapitika. Ukisubiri Februari, majani yatakuwa yamewafunika ndege na matope yatakuwa yamefunga njia. Duru ya kiangazi, Juni au Julai, inafaa kama una pesa za kuirudia kila mwaka. Kama huna, iache. Duru moja isiyokatika ina thamani kuliko duru mbili zinazokufa mwaka wa tatu.

Timu ni watu watatu: mtazamaji, mwandishi, na mwenyeji anayejua mashimo na njia. Waanze nusu saa baada ya jua kuchomoza, watembee taratibu kiasi kwamba kilomita moja ichukue dakika 40 hadi 60, na wamalize yote ndani ya muda wa saa 3. Upepo ukianza kuinua vumbi na karatasi, simama. Mvua ikinyesha, simama. Mstari uliohesabiwa kwenye upepo mkali utaonekana hauna ndege hata kama wamejaa.

Umbali ndiyo roho ya kazi

Hapa ndipo programu nyingi huharibika. Kuandika "Macronyx 3" hakutoshi. Lazima tujue kila ndege alikuwa umbali gani kutoka kwenye mstari, kwa sababu umbali ndio unaotuwezesha kukadiria wangapi hatukuwaona. Majani yakirefuka, ndege wa mbali hawaonekani tena; umbali ulioandikwa vizuri utalionyesha hilo na hesabu itarekebishwa.

Masharti ni matatu. Ndege aliye juu ya mstari wenyewe asikosekane, kwa hiyo macho ya mtazamaji yawe mbele na chini, yasipotelee kwenye upeo wa macho kutafuta karani tamba. Umbali upimwe mpaka pale ndege alipokuwa kabla hajasogea kwa kuwaogopa: ameruka kutoka mita 15 na kutua mita 70, andika 15. Na umbali upimwe kwa kifaa. Kwa kipima umbali cha leza na dira, chukua umbali mpaka kwa ndege na pembe yake na mstari. Ndege wa mita 80 kwa pembe ya digrii 30 yuko mita 40 kutoka kwenye mstari. Hesabu hiyo ifanyike kambini kwenye kompyuta. Porini andikeni namba mbili tu. Leza haigongi ndege mdogo ndani ya majani, basi ielekezeni kwenye kichaka au kichuguu kilicho karibu naye.

Dalili ya timu inayobuni ni namba za mviringo. Fomu ikijaa 10, 50 na 100, na 37 wala 62 hazionekani, kaa na timu hiyo jioni ileile. Ndege wanaopita angani bila kutumia eneo waandikwe kwenye safu yao wenyewe, wasiingie kwenye hesabu ya mstari. Ili makadirio ya aina moja yasimame vizuri mnahitaji kuwaona ndege hao mara 60 hadi 80. Aina adimu hazitafika hapo kwa mwaka mmoja, kwa hiyo unganisha miaka. Na mstari usio na ndege uandikwe 0. Karatasi isiyorudi na mstari wenye sifuri ni vitu viwili tofauti kabisa.

Majani na moto

Kila mita 100, pimeni majani kwa fimbo ya Robel: fimbo yenye alama kila sentimita 10, inayotazamwa kutoka mita 4, jicho likiwa mita 1 juu ya ardhi. Soma alama ya chini kabisa inayoonekana, kutoka pande nne. Mwandishi mwenye mazoezi anamaliza kwa dakika mbili. Ongeza alama ya moto: haujapita, umepita lakini bado peusi, au majani yameshachipua. Tarehe ya moto ulizeni wachungaji, kisha linganisheni na data za moto za NASA, zinazopatikana bure kwenye tovuti yake ya FIRMS. VIIRS, kifaa cha setilaiti kinachogundua moto, huona kwa vipande vya mita 375. Moto mdogo wa asubuhi unaweza kuiponyoka setilaiti, ndiyo maana mchungaji bado ni shahidi muhimu.

Usichukulie kila moto kuwa adui. Kipozamataza Pinarocorys nigricans hupenda mahali palipoungua. Moto wa Mei au Juni, majani yakiwa na unyevu, huacha viraka. Wa Septemba au Oktoba hula kila kitu. Data zenu ndizo zitakazoonyesha tofauti, mradi alama ya moto isiachwe wazi kwenye fomu.

Mbayuwayu buluu hujenga ndani ya mashimo ya muhanga na mashimo ya ardhi iliyobomoka. Mkiona jozi ikiingia shimoni, tazameni kutoka mita 50 au zaidi, andikeni GPS, ondokeni. Kusimama mdomoni mwa shimo kunamzuia mzazi kuingia.

Vinasa sauti

AudioMoth, kinasa sauti kidogo, inatumia betri 3 za AA na kadi ya microSD. Kwa kurekodi kwa 48 kHz, saa moja inakula takriban MB 346, hivyo kadi ya GB 32 inabeba kama saa 92: saa 4 kila usiku kwa usiku 23. Funga kwenye nguzo kwa urefu wa mita 1 hadi 1.5, mbali na njia ya ng'ombe, maana hujikuna kwenye nguzo na kuiangusha. Fyeka majani pembeni. Jani moja linalogusa kifaa litajaza rekodi zote kelele. Kabla ya msimu wa moto viondoeni vyote.

Watu, ruhusa na malipo

Ndani ya hifadhi za Upemba na Kundelungu hakuna anayeingia bila ICCN, taasisi ya serikali ya Congo inayosimamia hifadhi. Omba ruhusa miezi kadhaa kabla, na taarifa ya usalama ithibitishwe na hifadhi wiki ile ile ya safari. Nje ya hifadhi, timu ibebe ordre de mission (hati ya safari ya kikazi) iliyogongwa muhuri na ipite kwa chefu, yaani mkuu wa kimila, kabla ya kupiga hema. Weka muda maalum wa kutuma ujumbe kila jioni, na ukubaliwe mapema nani anatafuta nani ujumbe usipofika.

Mafunzo yachukue siku tatu: sauti, majina, umbali. Simika vijiti kwenye mita 10, 25, 50, 100 na 150, watu wakisie kisha wapime, mpaka kosa lishuke chini ya asilimia 10. Majina ya Kisanga, Kibemba na Kiluba yakusanyeni, lakini kwenye fomu tumieni jina la kisayansi, kwani jina moja la kienyeji mara nyingi linabeba Cisticola wote. Zungusha watazamaji kati ya mistari, asije mwenye masikio makali akabaki upande wa hifadhi kila mwaka.

Lipa kwa mstari uliokamilika. Ukilipa kwa wingi wa ndege au wa aina, ndege wataongezeka kwenye karatasi.

Data

Kila jioni fomu zisomwe na mtu ambaye hakuziandika, zipigwe picha, kisha ziingizwe KoboCollect, programu ya simu ya kujaza fomu. Tumia digrii za desimali, mfumo wa ramani wa WGS84, na kumbuka alama ya kutoa mbele ya latitudo: ikisahaulika, mstari wa Kundelungu unahamia Sudan. Tarehe iandikwe kwa mwezi wa maneno, maana simu nyingine hugeuza 03/11 kuwa Machi. Viota vya makorongo na karani tamba visitolewe hadharani kwa GPS kamili. Vifaranga vya korongo taji huibwa na kuuzwa. Kwenye ramani ya wote, viweke kwa mraba wa kilomita 10.

Ripoti imalizike Aprili, hifadhi na machefu wakiwa bado hawajapanga moto wa Mei. Ipeleke kwa kurasa mbili na ramani moja kubwa, ieleze kwa mdomo kwa Kiswahili, na uombe jambo moja lililo wazi: dembo lipi lisiguswe na moto wala ng'ombe mpaka vifaranga vya korongo vianze kuruka, yaani kama miezi 2 hadi 3 baada ya kuanguliwa kwa korongo taji, na 3 hadi 5 kwa korongo mkubwa.