Andaa PDF kwanza ndo uigeuze kuwa maandishi matupu

Wengi wakitaka kutoa maandishi kwenye PDF wanakimbilia kuigeuza moja kwa moja, yanatoka makorokoro, alafu lawama zote kwa programu. Kazi kubwa iko kabla ya hapo jamani.

Anza hivi: fungua faili, chagua sentensi moja, ikopi, ipesti kwenye Notepad. Ikitoka safi una bahati. Isipochagulika kabisa basi hiyo ni picha tu ya karatasi, ndani hamna herufi hata moja. Na ikichagulika ila ukipesti vinatoka viboksi na alama za ajabu, shida iko kwenye fonti, yani jicho lako linaona "a" lakini faili haijaiambia kompyuta kwamba ule mchoro ni "a". Ukiwa na pdffonts (programu ndogo inayoorodhesha fonti za PDF) angalia safu ya uni, penye "no" ndo pa kushuku.

Ya picha inataka OCR, yani programu isome herufi kutoka kwenye picha, na hapa ndo watu wanaharibu sana. Kama karatasi bado unayo skani upya kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi), iwe imenyooka, bila kivuli cha mkono, maana picha mbovu hakuna programu itakayoiokoa. Alafu taja lugha! Tesseract, programu ya OCR, usipoiambia kitu inasoma kama Kiingereza, wakati Kiswahili kipo, kifupi chake ni swa, unainstoo mara moja tu. Mimi natumia OCRmyPDF, inayoitumia hiyo Tesseract kwenye PDF, amri unaiandika kwenye terminal:

ocrmypdf -l swa --rotate-pages --deskew gazeti.pdf gazeti2.pdf

Hiyo inageuza kurasa zilizolala na kunyoosha zilizopinda. Kama hati imechanganya lugha andika swa+eng. Ile yenye fonti mbovu nayo ipitishe humuhumu ila ongeza --force-ocr, itasomwa upya kama picha.

Faili ina paswedi na unayo? Itoe kwanza kwa programu ya qpdf.

Sasa angalia mpangilio wa kurasa. Gazeti lenye safu mbili tatu usiligeuze kwa pdftotext -layout (pdftotext ndo programu ya kugeuza PDF kuwa maandishi, -layout inaiambia ifuate mpangilio wa ukurasa), kwasababu mistari ya safu ya kushoto itakaa pembeni ya ile ya kulia na habari mbili zitasomeka kama moja, liache bila hiyo -layout. Jedwali la matokeo au bei ndo linaitaka. Jalada na yaliyomo yaruke kwa -f (ukurasa wa kuanzia) na -l (wa kuishia) za pdftotext, mfano -f 5 -l 80, utajipunguzia kazi ya kusafisha.

Kitu ambacho miongozo ya Kiingereza haikwambii ni ng'. Ile alama kwenye ng'ombe na ng'ambo inaweza kutoka imenyooka, imepinda kulia, imepinda kushoto, zote kwenye faili moja, na ukitafuta neno unaambiwa halipo wakati liko mbele ya macho yako. Chagua alama moja, badilisha zote zifanane, na fanya hivyo kabla hujaanza kuhesabu au kutafuta chochote.