Mkopo umeumaliza, lakini umefungwa?

Mimi ni katibu wa SACCOS ya walimu hapa Chake Chake. Kabla kamati haijakaa, mimi ndiye ninayesoma taarifa za mikopo za waombaji. Kila msimu hunijia mtu na ombi lile lile: "Katibu, nifanyie ule mkopo wa zamani utoke kwenye taarifa yangu, nishaulipa." Mwalimu wangu, kama umeulipa vizuri, uwache pale pale. Mkopo uliofungwa ukiwa na salio sifuri na marejesho yasiyochelewa ndio shahidi wako mkubwa mbele ya kamati yoyote. Asiye na historia yoyote hutupa kazi zaidi kumwamini.

Unalotakiwa kulihangaikia ni kama umefungwa sawasawa.

Anza kwa kuomba taarifa yako mwenyewe. Kampuni za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu, kama Creditinfo Tanzania, hutunza kumbukumbu hizi chini ya kanuni za mwaka 2012, na una haki ya kuziona zako na kuzipinga zikiwa na makosa. Nenda na namba yako ya NIDA. Ukiipata karatasi, kwanza hakikisha ni wewe. Sisi Wapemba majina yetu yanazunguka: Ali Khamis Ali wako wangapi kuanzia Micheweni mpaka Mkoani? Linganisha namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa kabla hujashtuka na deni la mtu mwengine.

Halafu soma kila mkopo ulioumaliza na uangalie mambo matatu: hali yake, salio lake, tarehe ya kufungwa. Akaunti ya akiba uliyoifunga usiitafute humo, maana haikuwa deni.

Penye matatizo mengi ni mikopo ya kukatwa mshahara. Umeambiwa makato ya mwisho ni Juni. Makato yakachelewa kufika benki, riba ya siku hizo ikaongezeka, ukabaki unadaiwa shilingi elfu tatu bila kujua. Hakuna anayekupigia simu kwa elfu tatu. Lakini deni lisilolipwa likipita siku 90 huhesabiwa mkopo chechefu, na kwenye taarifa yako linasomeka hivyo hivyo, liwe elfu tatu au milioni tatu. Kwa hiyo unapokaribia mwisho, omba benki ikuandikie salio la kumaliza deni kwa tarehe maalumu, ulipe, kisha usiondoke bila barua ya kumaliza deni yenye muhuri. Kama uliweka hati ya nyumba au ya shamba la mikarafuu, idai siku hiyo hiyo.

Wa pili mwenye matatizo ni aliyefanya top-up, yaani aliyeongezewa mkopo kabla hajaumaliza wa zamani, au aliyenunuliwa deni na benki nyengine. Mkopo wa zamani ulitakiwa ufungwe kwa fedha za mpya. Ikiwa yote miwili inaonekana hai, unahesabiwa kuwa na mzigo mara mbili, na ombi lako litakataliwa bila ya kosa lako. Hili linaniuma khasa, kwa sababu mwenyewe hajui mpaka siku anayohitaji ada ya mtoto.

Na ukiona benki imeufuta mkopo kwenye vitabu vyake, usidhani umesamehewa. Imeutoa kwenye hesabu zake tu. Deni bado ni lako, na ukiondoka duniani hudaiwa kwenye mali uliyoiacha. Zungumza na benki, mkubaliane, ulipe, kisha waripoti kuwa umelipwa.

Kosa ukiliona, anzia kwa aliyekukopesha, maana kampuni ya taarifa kwa kawaida haibadilishi kitu mpaka mkopeshaji athibitishe. Andika barua fupi: namba ya mkopo, kilichoandikwa, kinachotakiwa kuandikwa. Ambatisha barua ya kumaliza deni, taarifa ya akaunti na karatasi za mshahara zinazoonyesha makato. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kampuni ya taarifa nayo ipelekee pingamizi. Wakikuzungusha, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya wateja wa benki. Tawi lake la Zanzibar lipo Gulioni, lakini kutoka Pemba unaweza kuwaandikia bila kupanda boti.

Anayekuahidi kukusafishia jina kwa malipo kupitia simu, mkimbie. Deni la kweli hawezi kuliondoa, na namba yako ya NIDA utakuwa umeshampa.

Benki ikishakujibu kuwa imerekebisha, subiri ipeleke taarifa zake za mwezi unaofuata, kisha omba ripoti mpya na usome mstari ule ule. Ukiona mkopo umefungwa, salio sifuri, tarehe sahihi, nijie na fomu yako na wadhamini wawili.