Kuchora pambano la shujaa, rafiki zake na nunda: hatua kwa hatua

Vijana wengi hunionyesha vibonzo vyao, na karibu wote wameanzia sehemu moja: shujaa ametanguliza ngumi, zimwi limeachama, moshi kila kona. Mkono ni mzuri. Ila ukiuliza wale rafiki watatu waliosimama nyuma wanafanya nini, jibu ni "wanamsaidia". Kwa vipi? Kimya.

Mwongozo huu ni wa pambano la kurasa sita. Nitatumia kazi niliyo nayo mezani sasa hivi: shujaa anaitwa Kishindo, mahali ni soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, adui ni nunda, yule paka mkubwa mla watu wa hadithi. Wewe weka wako, lakini fuata mpangilio huu, kwa sababu penseli haigusi karatasi kubwa mpaka hatua ya tano iishe.

Hatua ya 1: Jua adui anataka nini

Nunda mla watu wengi tumemsikia kwa bibi zetu. Hadithi yake ilikusanywa Unguja na Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870, ndani ya kisa cha Sultani Majnuni. Isome kama mchoraji. Nunda anaanza akiwa paka wa sultani. Anakamata ndama, watu wanalalamika, sultani anamtetea kwa kuwa paka ni wake. Anaendelea na mifugo mingine, anaendelea na watu, mpaka anawaua baadhi ya watoto wa sultani mwenyewe. Ndipo mtoto mdogo wa sultani anapoingia porini kumsaka. Anaua mnyama, anamwimbia mama yake kuwa ndiye huyu, mama anakataa. Anaua mkubwa zaidi, mama anakataa tena. Anaanza na mbwa, anafika mpaka tembo.

Huo ni ufundi wa hali ya juu. Nunda wa kweli anapotokea, msikilizaji ameshampima kwa tembo na tembo ameonekana mdogo. Wala hajaelezwa ana urefu gani. Katika kurasa zako mbili za kwanza fanya vivyo hivyo: usimwonyeshe adui, onyesha alichokula. Kwangu ni beseni la dagaa lililolambwa, kisha meza nzima ya jodari imebaki miiba, kisha mtumbwi uliotafunwa ubavuni.

Kingine cha kuazima hapo ni yule mtu aliyemtetea paka. Nyuma ya zimwi zuri kuna binadamu aliyelifuga. Mpe fremu moja tu, yaani kisanduku kimoja cha picha.

Hatua ya 2: Mpe kila rafiki kazi ambayo shujaa haiwezi

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Chukua karatasi ya daftari, andika pambano lako kwa mistari kumi. Halafu ziba jina la rafiki mmoja kwa kidole na usome upya. Kama pambano linaisha vilevile, rafiki huyo ni pambo. Mpe kazi au mtoe.

Kazi hiyo itoke kwenye maisha yake ya kila siku. Wangu ni hawa:

Zuhura, nahodha wa ngalawa. Anajua upepo na mkondo wa maji kati ya Feri na Kigamboni.

Bi. Tatu, mkaanga samaki. Anajua harufu ipi humtoa paka mafichoni, na sauti yake sokoni haipingwi na mtu.

Side, mtoto wa miaka 11, fundi wa kurusha tiara. Paka hawezi kuvumilia kitu kinachochezacheza mbele ya macho yake, hata akiwa na ukubwa wa mnazi.

Umeona kwamba hakuna hata mmoja mwenye nguvu za ajabu? Nimefanya hivyo makusudi. Mtoto wa Temeke au Mombasa anayesoma kibonzo chako anamjua mkaanga samaki. Akimwona anaamua hatima ya mji, atakumbuka ukurasa huo miaka mingi. Ukiwapa rafiki wote mabawa na mikono ya moto, umechora mashujaa wanne na hujachora urafiki.

Hatua ya 3: Weka bei ya nguvu za shujaa

Nguvu isiyo na bei inaua hadithi ukurasa wa kwanza, kwa sababu msomaji atauliza mbona haitumii mapema. Kishindo akipiga ukelele anavunja ukuta wa zege. Bei yake ni mbili: sauti humpiga kila aliye mbele yake, adui na mwenzake sawasawa, na akishapiga, masikio yake huziba kwa muda.

Sasa tazama bei hiyo inavyozaa picha. Kwa kuwa hasikii, rafiki zake wanalazimika kumwongoza kwa mikono. Bi. Tatu akiinua upawa juu, maana yake usipige, kuna mtu mbele. Akiushusha, piga. Mwenye sauti kuu kuliko wote anasubiri upawa wa mama mmoja wa karai. Na fremu zote ambazo Kishindo amezibwa masikio nazichora na maputo matupu: watu wanaongea, puto lipo, maneno hayamo. Msomaji anaziba masikio pamoja naye.

Hatua ya 4: Chora ramani

Chora mahali pa pambano kana kwamba unatazama kutoka angani. Weka soko, gati, njia ya pantoni, ngalawa ya Zuhura, na mshale wa upepo. Weka jua pia. Dar bahari iko mashariki, kwa hiyo pambano la alfajiri lina mwanga unaotoka majini, na kiumbe anayepita kati ya soko na bahari anaonekana umbo jeusi tupu. Hutachora manyoya hata unywele mmoja kwenye fremu ya kwanza, na atatisha zaidi.

Kisha amua nani yuko upande gani. Kishindo na wenzake kushoto, nunda kulia, kurasa zote sita. Kamera yako, yaani upande unaotazamia, ikivuka mstari kati yao na kuwabadilisha pande, msomaji anapotea asijue nani anamkimbiza nani.

Hatua ya 5: Vijipicha vya kurasa

Kwenye karatasi moja chora visanduku sita vidogo, kila kimoja ni ukurasa. Gawa fremu ndani yake kwa vijiti na viduara tu. Wangu uko hivi: ukurasa wa 1 na wa 2, ushahidi wa alichokula; wa 3, fremu nyingi nyembamba, watu wanakimbia, maji ya ndoo yanatikisika; wa 4, fremu moja kubwa, nunda mzima; wa 5, Kishindo anapiga, anakosea, anazibwa masikio, rafiki wanashika usukani; wa 6, tiara, gati, maji.

Nunda yuko ukurasa wa 4 kwa sababu ya karatasi yenyewe. Kwenye kitabu kinachofunguliwa kutoka kushoto, ukurasa wa 1 uko kulia, wa 2 na wa 3 vinatazamana, na wa 4 hauonekani mpaka mkono ugeuze. Kitu cha kushtua kiweke kwenye namba shufwa (2, 4, 6). Ukiweka ukurasa wa 3, jicho litamwona tangu msomaji yuko wa 2.

Hatua ya 6: Ukubwa wenye hesabu

Ukubwa hauji kwa kujaza ukurasa. Unakuja kwa vitu ambavyo msomaji anavijua kwa mwili wake: bajaji, mnazi, pantoni. Chagua kipimo na ukishike. Mimi sentimita 1 ni mita 1.7, yaani mtu mzima mmoja. Mnazi wa mita 20 unakuwa karibu sentimita 12, na mgongo wa nunda uko usawa wa makuti.

Usichukue paka ukamkuza tu kama picha ya simu. Ukimzidisha kiumbe mara 10 kwa urefu, uzito wake unazidi mara 1,000, lakini unene wa mfupa wa mguu, ukipimwa kwa eneo lake, unazidi mara 100 tu. Angevunjika. Ndiyo maana tembo ana miguu iliyonyooka kama nguzo. Nenepesha miguu ya nunda, punguza mikunjo ya magoti, shusha tumbo. Bakiza vitu viwili vya paka ambavyo kila mtu anavitambua: masikio, na namna ya kutikisa makalio kabla ya kuruka. Fremu ya makalio yanayotikisika, na Side mdogo mbele na uzi mkononi, haihitaji neno lolote.

Tatizo ni kwamba mtu wa sentimita 1 hana uso. Kwa hiyo pokezana: fremu pana, kisha uso wa karibu, kisha pana tena. Kila unapoonyesha ukubwa, fremu inayofuata onyesha jicho la mtu aliyeuona.

Hatua ya 7: Pigo lenyewe

Usichore ngumi ikigusa shavu. Chora sekunde ya kabla ya pigo, mwili umejipinda wote nyuma, au sekunde ya baada yake, adui ameshatupwa. Katikati akili ya msomaji itajaza yenyewe, na itajaza kwa nguvu kuliko wino wako.

Kwangu pigo la mwisho lina fremu tano. Zuhura anavuta uzi wa tiara kutoka kwenye ngalawa. Nunda anaifuata mpaka ncha ya gati. Kishindo amevuta pumzi, lakini upawa uko juu: Side bado yuko mbele. Side anajitupa majini. Upawa unashuka. Kishindo hampigi nunda, anapiga mbao za gati chini yake. Majini nunda anaanza kutapika kinyume cha mpangilio ulioujua tangu ukurasa wa 1, mtumbwi kwanza, jodari, mwisho dagaa, na kila kinachotoka kinampunguza.

Hatua ya 8: Maneno na milio

Andika maneno kabla ya kuchora watu, ili puto lisije kubanwa pembeni. Maneno 20 kwa puto moja yanatosha, kwenye pambano hata 5. Aliye juu kushoto ndiye husomwa kwanza, kwa hiyo anayeanza kuongea akae huko.

Milio tunayo ya kwetu, na kila mmoja una mahali pake. Mzigo mzito ukianguka chini ni PU! Mchangani ni TIFU! Topeni ni TAPWI! Majini ni CHUBWI! Side akijitupa, chora CHUBWI ndogo. Nunda akifuata, herufi hizohizo zipasue mpaka wa fremu. Milio ya kukopa kwenye vibonzo vya ng'ambo haina mchanga wala tope ndani yake.

Hatua ya 9: Wino na skani

Chora kwenye A3 hata kama utachapa A4. Kila mstari utapungua hadi asilimia 71 na makosa madogo ya mkono yatajificha. Anza na mistari minene, mgongo wa nunda na mbao za gati, kwa brashi. Nyuso zibakize kwa kalamu nyembamba. Subiri wino ukauke kabisa ndipo ufute penseli, vinginevyo ufutio utaburuta weusi ukurasa mzima. Stesheneri waambie wakuskanie kwa doti 600 kwa inchi, nyeusi na nyeupe.

Kama wasomaji wako wako kwenye simu, pima upya. Upana wa A3 ni sentimita 29.7, kioo cha simu ni kama 6.5. Herufi uliyoiandika milimita 5 itabaki milimita 1 na kidogo, hakuna atakayeisoma. Andika milimita 8, na usizidishe fremu mbili kwa mstari. Tuma ukurasa mmoja kwenye simu yako, unyooshe mkono, usome. Puto lolote linalokufanya ukaribishe simu usoni, rudi mezani ukaliandike upya kabla hujamtumia mtu mwingine.